Shajara ya mradi: kusoma misimbo ya QR bila picha kutolewa nje ya kompyuta

Siku ya 1, Jumamosi

Mradi huu umezaliwa na kosa, na kosa lenyewe ni letu. Asubuhi ya leo mzee mmoja wa Mkomani, katibu wa kikundi cha wavuvi, alifika katika saiba yetu, duka la kompyuta na intaneti, hapa Langoni, Lamu, akiwa na flash yenye picha aliyotumiwa na mwanawe kutoka Mombasa. Picha ilikuwa ya ule msimbo wa QR unaotokea mtu anapowasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya barua pepe. Mzee anatumia simu ya mulika mwizi, hana kamera ya kuusomea, akauliza kama kompyuta inaweza kuifanya kazi hiyo. Kijana wa zamu alifanya kama wafanyavyo wengi: alifungua tovuti ya kwanza iliyojitangaza kuwa inasoma misimbo bure, akaipakia picha, na maandishi yakatokea papo hapo.

Nilipoingia, maandishi yale yalikuwa bado kwenye skrini, yakianza na otpauth://totp/ na mbele yake neno «secret» likifuatwa na msururu wa herufi kubwa na tarakimu. Msururu huo ndio ufunguo wenyewe. Tarakimu 6 ambazo mtu huulizwa baada ya nenosiri, zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, hukokotolewa kutokana na ufunguo huo pamoja na saa, basi; hakuna kitu kingine cha siri ndani yake. Kwa hiyo mwenye kuupata ufunguo anaweza kuzitoa tarakimu zile zile kwenye kompyuta yake, awe Lamu au ng'ambo. Huenda tovuti ile haikuhifadhi chochote, lakini sisi hatuna njia ya kulihakiki hilo, na siri ambayo usalama wake unategemea wema wa mtu usiyemjua haistahili tena kutumiwa.

Nilimwambia ukweli. «Mzee wangu, ufunguo huu umepita mikononi mwa watu tusiowajua. Mwambie mwanao aufute, atengeneze mwingine.» Akanitazama kwa muda, kisha akasema, «Yaani mwanangu, mmenifungia kufuli, halafu ufunguo mkautundika gatini?» Sikuwa na la kujibu.

Lengo nimeliandika hivi: kompyuta zetu 3 ziweze kusoma msimbo wowote wa QR, uwe kwenye faili, kwenye skrini au kwenye karatasi iliyo mbele ya kamera, bila picha wala maandishi yake kupita kwenye intaneti, bila alama kubaki baada ya mteja kuondoka, na bila kiungo kufunguliwa kabla mwenyewe hajakisoma.

Siku ya 2

Kijana wa zamu aliuliza swali zuri: «Maalim, kama si intaneti, kompyuta itajuaje kilichomo ndani?» Wengi wanadhani kwamba msimbo ni kama namba ya sanduku la posta, kwamba lazima mtu aende mahali fulani kuuliza barua iko wapi. Sivyo. Barua yote imo ndani ya picha. Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave nchini Japani na Masahiro Hara na wenzake, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Ile miraba mikubwa 3 ya pembeni imechorwa kwa uwiano wa 1:1:3:1:1, nyeusi kwa nyeupe, ili mashine iutambue msimbo hata ukiwa umelala upande. Baada ya hapo ni kuvihesabu vijisanduku, kuondoa kinyago, yaani mchoro wa kugeuza weusi na weupe, kilichotandazwa juu yake, kurekebisha makosa kwa hesabu za Reed–Solomon, na kuyasoma maandishi. Hesabu zote hizo kompyuta kuukuu huzimaliza kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo kuipeleka picha ng'ambo ili isomwe ni sawa na kumpelekea mtu wa Mokowe barua akusomee hali macho unayo.

Siku ya 3

Kompyuta mbili kati ya tatu zinatumia mfumo wa Linux wenye mandhari nyepesi ya Xfce, kwa sababu ni kuukuu na haziwezi kubeba kitu kizito. Nimeweka kifurushi cha zbar-tools, ambacho kina programu mbili: zbarimg ya kusoma faili za picha na zbarcam ya kusoma kupitia kamera. Ni programu huria, na kifurushi ni kidogo kiasi kwamba hakikuliathiri salio la data la siku.

Majaribio ya kwanza yalikuwa 2. Karatasi yetu ya Wi-Fi ilitoa maandishi yanayoanza na WIFI:T:WPA;S: na kufuatwa na jina la mtandao, kisha P: na nenosiri, wazi kabisa. Yaani kila mteja aliyepata kuipiga picha karatasi ile ukutani amebeba nenosiri letu bila fumbo lolote, jambo ambalo nilikuwa nikilijua bila kulitafakari. Jaribio la pili lilikuwa risiti ya eTIMS ya duka la jirani, na ndani yake mlikuwa na kiungo cha kuhakiki risiti kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Msimbo wa namna hiyo hauna faida mpaka kiungo kifunguliwe, na hapo kompyuta inaweza kuusoma kwa faragha ilhali kuhakiki kwenyewe hakuwezekani bila intaneti. Nimeliandika ili nisije nikamwahidi mteja nisichoweza.

Sikutaka kuamini tu kwamba zbarimg haizungumzi na mtu. Niliiendesha kwa unshare -rn, amri inayoiweka programu katika chumba kisicho na mtandao, na ikasoma vizuri vilevile. Nikadhani nimemaliza.

Siku ya 4

Sikuwa nimemaliza. Leo nimeitazama zbarimg kwa strace, programu ya kuchunguza programu nyingine, ili nione kila mlango inaoubisha, na nikakuta kwamba inajaribu kuunganika na D-Bus, ile barabara ya ndani ambayo programu za kompyuta moja hupashana habari. Kumbe ZBar, maktaba iliyo ndani ya zbarimg, ikijengwa pamoja na uwezo huo hutangaza kule kila msimbo iliousoma, ili programu nyingine zilizo tayari kusikiliza zipate habari. Tangazo hilo halitoki nje ya kompyuta, lakini kompyuta ya saiba hutumiwa na watu wengi, na sioni sababu ya siri ya mteja kupigiwa mbiu hata ndani ya nyumba. Zaidi ya hayo, chumba changu kisicho na mtandao hakikuuziba mlango huo, kwa kuwa soketi ya D-Bus, yaani mahali pa kuunganikia, ni faili miongoni mwa folda za kompyuta na si njia ya mtandao. Dawa yake ni neno moja, --nodbus. Baada ya kuliongeza, strace haikuonyesha tena jaribio la kuunganika popote.

Siku ya 6

Leo nimeandika skripti fupi niliyoipa jina chungulia. Anayeiita anaona alama ya msalaba, anaburuta kipanya kuuzunguka msimbo ulio kwenye skrini, na maandishi yanatokea katika dirisha la amri. Ndani yake mna programu ya maim inayopiga picha ya sehemu iliyochaguliwa na kuimimina moja kwa moja ndani ya zbarimg, kama maji ya birika yanavyopita kwenye mfereji bila kutuama. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika mradi huu mpaka sasa: picha haiandikwi kwenye diski hata kwa dakika moja, kwa hiyo hakuna mtu atakayesahau kuifuta.

Nimeongeza vitu 2 baada ya kufikiri. Kwanza, maandishi hupitishwa kwenye cat -v kabla ya kuonyeshwa, kwa kuwa mtu mwenye nia mbaya anaweza kuweka ndani ya msimbo herufi za amri zisizoonekana, ambazo dirisha la amri huzitii: kufuta skrini, kubadili rangi, au kuficha nusu ya kiungo. Pili, ikiwa maandishi ni kiungo, skripti hulitoa jina la tovuti na kuliandika peke yake kwenye mstari wake. Kiungo kirefu humchosha mtu macho, naye hutosheka na neno la kwanza analolitambua; ila jina lenye mamlaka ni lile lililo mwisho, kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata ile miwili ya mwanzo. Chungulia haifungui kiungo. Nilishawishika kuweka kitufe cha kufungua, nikakataa.

Siku ya 8

Siku ndefu, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilitengeneza ufunguo wa majaribio usio wa mtu yeyote, nikaupitisha katika hatua zote ambazo mteja angepitia, kisha nikaanza kuutafuta kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka mchangani.

Niliukuta mahali pa kwanza katika Clipman, programu ya Xfce inayohifadhi mambo yaliyonakiliwa. Nilikuwa nimeyanakili maandishi ili niyabandike kwingine, na Clipman ikayaweka katika orodha yake, tayari kumpa mteja ajaye kwa mbofyo mmoja. Nimeiondoa kabisa kwenye mashine zote mbili. Wateja wawili wamelalamika kwamba hawawezi tena kurudia walichokinakili jana, nami nawaelewa, ila jana yao inaweza kuwa siri ya mwingine.

Mahali pa pili palinishangaza. Picha ya majaribio ilikuwa imefika kwa flash, nami nilikuwa nimeifungua folda yake ili niione. Baada ya kuitoa flash, kijipicha chake kilibaki katika folda iliyofichwa ya .cache/thumbnails, kikiwa na upana wa pikseli 256. Msimbo ule ulikuwa na vijisanduku 41 kwa 41, na ukihesabu ukingo mweupe wa vijisanduku 4 kila upande, kila kijisanduku kilipata takribani pikseli 5. Nilikipa zbarimg kijipicha hicho. Ikakisoma chote, herufi kwa herufi. Mteja ameondoka na flash yake mfukoni akiamini amebeba siri yake, kumbe kivuli cha siri kimebaki kwetu na kinasomeka kama ile ya asili. Nimezima utengenezaji wa vijipicha, na nimeifuta folda nzima. Kuhesabu vilivyokuwamo nimejizuia kwa makusudi.

Mahali pa tatu ni pale panapojulikana na kila mtu na kusahauliwa na kila mtu, yaani folda ya vipakuliwa na pipa la taka. Faili iliyotupwa pipani bado ipo. Sasa kila mteja anafungua kikao cha mgeni, na kikao kikifungwa, folda yake yote inakwenda nacho.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia data za watu asikusanye zaidi ya zinazohitajika kwa kazi aliyopewa. Nilikuwa nikiisoma kama sheria ya makampuni makubwa yenye majengo ya vioo. Kwa kijipicha kimoja cha pikseli 256 nimejiona nimo ndani yake.

Siku ya 9

Kamera. Lenzi ya kompyuta hizi haisogezi fokasi, kwa hiyo mtu akiisogeza karatasi karibu sana, kama afanyavyo kwenye simu, msimbo unafifia. Ni afadhali airudishe nyuma kiasi cha shibiri moja na nusu na avumilie udogo wake. Akiwa ameushikilia msimbo kwenye skrini ya simu, apunguze mwanga wa skrini, la sivyo kamera inaona nuru tupu. Mchana umeme ulikatika mtaa mzima, hotspot inayotupa intaneti ikazimika pamoja na kila kitu, na zbarcam ikaendelea kusoma kwa betri. Sikulipanga jaribio hilo, lakini nimelikubali. Wakati kamera haitumiki, tumeifunika kwa kipande cha karatasi chenye gundi.

Siku ya 12

Leo wamekuja watu wa nyumba za wageni, kila mmoja na jambo lake.

Mgeni aliyekuwa akielekea uwanja wa ndege wa Manda alileta pasi yake ya kupandia ndege ichapwe kwenye karatasi, nikamwomba ruhusa niisome kwa chungulia mbele yake. Maandishi yalianza na M1, yakafuatwa na jina lake, namba ya uhifadhi wa safari, LAU ambayo ni alama ya Lamu, alama ya uwanja anaokwenda, namba ya ndege, siku ya mwaka kwa tarakimu 3, na kiti. Alistaajabu, kwa kuwa asubuhi ile ile alikuwa ameipiga picha pasi hiyo na kuiweka mtandaoni akiwa amelifunika jina lake kwa kidole, na msimbo akauacha wazi. Jina na namba ya uhifadhi mara nyingi ndivyo vitu viwili ambavyo tovuti za ndege humuuliza mtu anayetaka kubadili safari yake. Aliiondoa picha akiwa amesimama pale pale kauntani.

Bi mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Shela alileta msimbo wa menyu aliotengenezewa bure na huduma fulani. Chungulia ikaonyesha jina la tovuti lisilo lake. Msimbo wa aina hiyo humpeleka mgeni kwanza kwa mtu wa kati, ambaye humhesabu, huandika saa aliyofika na anwani yake ya mtandao, kisha humpeleka kwenye menyu. Na siku mtu wa kati akiamua kudai malipo, karatasi zote zilizobandikwa mezani zinakuwa mapambo. Nilimtengenezea mpya kwa qrencode, wenye kiungo cha ukurasa wake mwenyewe. Aliuliza, «Na huu utaisha lini?» Hauishi, kwa sababu hakuna wa kuumaliza.

Nilimtengenezea pia wa Wi-Fi, na hapo kuna tahadhari 2. Nenosiri lisiandikwe kwenye mstari wa amri, maana hubaki katika historia ya amri. Qrencode hukubali kulisoma kutoka kwenye ingizo. Na ikiwa nenosiri lina nukta-mkato, koma, nukta-pacha au mkwaju wa nyuma, kila alama hiyo itanguliwe na mkwaju wa nyuma, la sivyo simu ya mgeni italikata nenosiri katikati. Nililipoteza nusu saa kwa jambo hilo.

Siku ya 14

Misimbo isiyosomeka. PDF kwanza hugeuzwa kuwa picha kwa pdftoppm kwa nukta 300 kwa inchi, kisha zinasomeka bila taabu. Misimbo iliyochorwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeusi, ambayo wasanii wa mabango wanaipenda mno, zbarimg iliikataa kwa mipangilio yake ya kawaida mpaka nilipozigeuza rangi. Karatasi zilizoliwa na unyevu wa bahari ni bahati nasibu: msimbo una viwango 4 vya urekebishaji, kuanzia L unaostahimili uharibifu wa takribani asilimia 7 hadi H wa takribani 30, lakini doa likiangukia mmoja wa miraba ile 3 mikubwa, kiwango hakisaidii kitu kwa sababu mashine haiuoni msimbo tangu mwanzo. Sasa kila msimbo tunaouchapa kwa ajili ya kuta za nje tunaupa kiwango cha Q, kilicho hatua moja chini ya H.

Siku ya 15

Mzee wa Mkomani amerudi. Mwanawe ameufuta ufunguo wa zamani na kumpa mpya. Tulikaa naye kwenye mashine ya dirishani. Nilimwonyesha kwanza kwamba hotspot imezimwa, naye akalithibitisha kwa kujaribu kufungua gazeti lake na kushindwa. Tuliifungua picha kutoka kwenye flash, akaburuta kipanya mwenyewe kwa mkono wa taratibu, na ufunguo ukatokea. Tuliuingiza katika KeePassXC, programu inayoweza kuzikokotoa zile tarakimu 6 bila intaneti, na hifadhi yake iliyofungwa kwa nenosiri refu tukaiweka kwenye flash nyingine anayoining'iniza pamoja na funguo za nyumba. Nilimsihi asiliweke humo nenosiri la barua pepe, maana hatua mbili zikikaa katika kasha moja zinakuwa hatua moja. Picha tuliifuta kwenye flash ya kwanza, na mwanawe ameahidi kuifuta kwenye simu yake, jambo ambalo limo nje ya uwezo wangu.

Kabla ya kuondoka aliuliza, «Na ile mashine nyingine, ya mlangoni?»

Siku ya 16

Ile ya mlangoni ni ya Windows, na wateja wa hesabu hawakubali iguswe. Huko nimeanza na ukurasa mmoja wa HTML uliohifadhiwa kwenye diski, unaotumia maktaba ya jsQR iliyobandikwa ndani yake, na wenye kanuni ya usalama inayokizuia kivinjari kuunganika popote kutokea kwenye ukurasa huo. Unasoma faili, kamera bado. Kijana wa zamu ameziondoa alamisho za tovuti za kusoma misimbo kwenye vivinjari vyote vitatu, na karatasi yetu ya Wi-Fi tumeibadilisha, nenosiri jipya, kiwango cha Q.

Yaliyobaki kwa wiki ijayo: kamera kwenye mashine ya mlangoni, na kuvikagua vijipicha vya Windows, ambavyo navyo huhifadhiwa.